Mwavuli Usio na Nguo

Siku ushuru wa miavuli ya nje ulipopanda hadi asilimia thelathini na tano, Bi Mbavu alicheza mpaka meza ya kukatia vitambaa ikavunjika mguu. Wala hakuwa amepanda juu yake. Alikuwa pembeni tu, lakini kishindo kilitosha. Wanawake wanane waliokuwa kwenye cherehani zao waliacha kazi wakampigia makofi, na mpiga pasi wa jirani, aliyekuja kulalamikia kelele, alijikuta naye anatikisa mabega bila kujua kinachosherehekewa ni nini.

Jina la Bi Mbavu hakupewa na mama yake. Alipewa na mtaa, kwa sababu aliweza kukaa chumba cha pili, ukafungua mwavuli huku, naye akakwambia kwa mlio peke yake kwamba una mbavu nane na ule wa tano umepinda. Wapo wanaoapa kwamba aliweza hata kutaja duka ulikonunuliwa. Hilo halikuwa gumu, maana mwavuli wenye ubavu uliopinda ulikuwa umenunuliwa ng'ambo ya barabara, kwa Bwana Jumla.

Bwana Jumla hakuwahi kushona kitu maishani mwake, hata kifungo cha shati. Aliagiza miavuli ikiwa tayari, kontena zima kwa mpigo, akaiuza kwa bei ambayo Bi Mbavu asingeweza kununulia hata kitambaa chake. Ndiyo maana mwaka uliotangulia Bi Mbavu aliandikia kamati ya ushuru barua ndefu, akiomba miavuli ya nje itozwe mpaka ijute kupanda meli. Aliambatanisha sahihi sitini na moja za mafundi wa miavuli. Mafundi wa miavuli mji mzima walikuwa wanne. Hao wengine walikuwa watu wa kawaida wasiopenda jua.

Kamati ikamsikiliza. Mwavuli mzima ukawekewa thelathini na tano kwa mia. Vipande vya kutengenezea, yaani fremu, mbavu na springi, vikabaki kumi kwa mia kama zamani, ili mafundi wa ndani wapate kupumua. Bwana Jumla akalazimika kupandisha bei, wateja wakavuka barabara, na baada ya miezi minane Bi Mbavu akapata kazi ambayo hakuwahi hata kuiota: miavuli elfu mbili na mia nne ya wanafunzi, yote ya bluu, bei imeandikwa kwenye mkataba, mzigo ukabidhiwe mwisho wa mwezi. Ukichelewa, shule zina ruhusa ya kununua kwingine. Kwingine kulikuwa kumoja tu, na kulitazamana na mlango wake.

Hapo ndipo alipofanya ujanja uliomponza.

Karakana yake ilikuwa na ugonjwa mmoja sugu, nao ni mipini. Fremu zilikuja bila mipini, wakawa wanaigandisha wenyewe, na kwa joto la chumba kile gundi ilikauka nje ikabaki uji ndani. Kila mipini kumi na miwili, mmoja uling'oka. Kuna mwalimu mkuu mmoja alibaki ameshika mpini barabarani huku mwavuli umekwenda zake, ukaruka ukuta wa benki, ukatua mbele ya mlinzi, naye kwa mshtuko akaupigia saluti. Bi Mbavu hakutaka mambo hayo yamfike kwenye mzigo wa shule. Akamwandikia muuzaji wake wa nje kwamba safari hii mipini ifungwe hukohuko kiwandani, na wakishaanza waweke kabisa na kamba ya mkononi na kifungo cha kufungulia. Yeye abaki na nguo tu. Alipotuma ujumbe ule alijisifu peke yake mbele ya kioo.

Fremu zilipofika bandarini, shemeji yake alikuja karakanani akiwa ametembea haraka kuliko kawaida yake. Shemeji huyu, mdogo wa mumewe, alikuwa wakala wa forodha, mtu wa utani asubuhi mpaka jioni. Akija bila utani, ujue kuna msiba.

"Shemeji, kaa kwanza."

"Nimekaa."

"Umesimama."

"Sema, wewe mtu."

"Wamesema ni miavuli."

"Nini ni miavuli?"

"Fremu zako. Zina mpini, zina kamba, ukibonyeza kifungo zinafunguka. Bwana Kifungu amezifungua tatu pale yadi, akazizunguka kama anayenunua ng'ombe, akasema hii ni miavuli, kilichobaki ni mavazi tu. Thelathini na tano kwa mia, au kontena halitoki."

Bi Mbavu alikaa sasa, tena kwenye mkasi. Hakusikia.

Hesabu yake haikuhitaji karatasi. Kila fremu ilimgharimu mia. Kwa ushuru wa kumi, ingeingia karakanani kwa mia na kumi. Kwa ushuru wa thelathini na tano, mia na thelathini na tano. Na faida yake yote kwa kila mwavuli, akishatoa nguo, uzi, pango na mishahara, ilikuwa kumi na nane. Ina maana kila mwavuli atakaoushona kwa jasho utamtoa saba mfukoni, mara elfu mbili na mia nne. Asiposhona, shule zitavuka barabara, na cherehani nane zitafunikwa shuka. Wanawake wale wanane walikuwa wanamtazama. Miguu yao ilikuwa imesimama juu ya pedali.

Akauliza huyo Kifungu ni nani, ana mke, anapenda nini. Shemeji akamwambia asijisumbue. Bwana Kifungu aliitwa hivyo kwa sababu hakuna jambo asilolijibu kwa kifungu cha sheria. Walisema hata harusini kwake, alipoulizwa kama amekubali, alisema amekubali kwa kuzingatia masharti yaliyotangulia. Rushwa hali, soda hanywi, na mzaha hausikii. Lakini palikuwa na mlango mmoja. Alhamisi kamati ya ushuru ilikuwa inakaa kupitia upya kile kiwango cha thelathini na tano, kwa sababu waagizaji walikuwa wamelalamika, na kiongozi wao alikuwa Bwana Jumla. Shemeji angeweza kuliingiza jina la Bi Mbavu kwenye orodha ya wasemaji.

"Liingize," Bi Mbavu alisema. "Na uniletee fremu moja kutoka kwenye kontena."

Alhamisi alivaa gauni lake la kitenge kipya, akabeba ile fremu kwapani kama afisa wa jeshi, na akaingia kwenye chumba cha kamati akiwa ameukaza moyo mpaka unamuuma. Kilikuwa chumba kirefu chenye meza iliyofunikwa kitambaa cha kijani, feni moja iliyokuwa ikigonga kila ikizunguka, na majagi ya maji yaliyopangwa mbele ya kila kiti. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mnene, mtulivu, miwani yake ikining'inia kwa mnyororo. Kulia kwake alikaa Bwana Kifungu mwenyewe, shati limefungwa mpaka kooni, kitabu cha ushuru mbele yake kimechomekwa vikaratasi vingi mpaka kinafanana na kuku aliyetimua manyoya. Upande wa pili, akiwa amejipaka manukato ya kutosha ukumbi wa arusi, alikaa Bwana Jumla.

Bi Mbavu alieleza vizuri. Alisema yeye haagizi miavuli, anaagiza mifupa, na nyama anaiweka mwenyewe. Alisema akitozwa kama mwagizaji atakufa kama fundi. Wajumbe wawili walitikisa vichwa kwa huruma, naye akaanza kuuona mwanga.

Kisha Bwana Jumla akaomba nafasi. Hakusema mengi. Alitoa karatasi kwenye bahasha, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya mapenzi. "Tunaomba mwavuli wowote wa nje, uwe umekamilika au haujakamilika, utozwe asilimia thelathini na tano." Akaikunja karatasi polepole. "Mheshimiwa Mwenyekiti, hii ni barua ya jirani yangu, ya mwaka jana. Mimi sina la kuongeza. Namuunga mkono kwa kila neno aliloandika."

Chumba kizima kikamgeukia Bi Mbavu. Na maneno yalikuwa yake kweli. Hayo ya *haujakamilika* aliyaongeza usiku wa mwisho kabla ya kupeleka barua, kwa kuogopa kwamba Bwana Jumla angeleta miavuli isiyo na mipini akaiita vipande. Alikuwa ameutega mtego ule yeye mwenyewe, kwa mkono wake, na siku ile alijisifu pia mbele ya kioo. Kile kioo, alijisemea, akirudi nyumbani atakigeuza ukutani.

Lakini Bi Mbavu hakuwa mtu wa kufa amekaa. Alisimama, akaibonyeza fremu, ikafunguka *pwaa*, mbavu nane zikatanda juu yake kama buibui aliyefurahi. Akamuuliza Bwana Kifungu kama anaamini kwa dhati kwamba hicho ni mwavuli. Bwana Kifungu akasema anaamini. Akamuuliza kama mvua ikinyesha anaweza kusimama chini yake. Bwana Kifungu akafikiri, akasema kama kazi itamtaka, atasimama. Bi Mbavu akamwambia kazi inamtaka sasa hivi.

Na yule bwana akainuka. Kwa hilo lazima apewe sifa yake. Aliweka kalamu sambamba na kitabu, akazunguka meza, akaishika fremu kwa mpini wake mzuri usiong'oka, akasimama wima. Mwenyekiti alifungua mdomo kuzuia, lakini alichelewa, au labda hakujitahidi sana. Bi Mbavu akapanda kwenye kiti na jagi mkononi.

Walioshuhudia wanasema jagi lile lilikuwa la lita mbili. Waliohadithiwa wanasema ilikuwa ndoo. Ukweli uko katikati, karibu zaidi na ndoo. Maji yalipita kati ya mbavu bila kuomba ruhusa, yakamwingia Bwana Kifungu kwenye kola iliyofungwa, yakakosa pa kutokea, na kwa muda shati lake likavimba kifuani kama kiriba. Mjumbe mmoja alicheka mpaka akajificha chini ya meza kwa kisingizio cha kuokota kalamu. Shemeji alilia machozi. Hata Bwana Jumla alicheka, kisha akakumbuka yuko upande gani.

Bwana Kifungu alisubiri kicheko kiishe. Maji yalikuwa yakimdondoka puani. Akasema, bila hasira hata chembe, "Mheshimiwa, kifungu hakisemi mwavuli lazima uzuie maji. Kinasema umbo. Na umbo ninalo hapa mkononi."

Akaifunga fremu, akazungushia kamba yake, akabana, akailaza mezani. Ikalala pale nyembamba, ndefu, yenye mpini uliopinda. Kila mtu aliyeitazama aliona mwavuli.

Kicheko kilikatika kama redio iliyong'olewa waya. Bi Mbavu alishuka kwenye kiti polepole, jagi tupu mkononi. Mchezo wake wote ulikuwa umeishia hapo, na sheria haikuwa imelowa hata kidogo.

Mwenyekiti alivaa miwani. Alisema kamati haiwezi kupindisha kilichoandikwa, hasa kilichoandikwa kwa maombi ya mlalamikaji mwenyewe. Lakini leo wamekaa kupitia viwango, na kanuni yao ya siku zote ni kwamba fundi na mwagizaji wakileta pendekezo moja, lenye sahihi za pande mbili, kamati hulipitisha palepale. Wasipokubaliana, kila kitu kinabaki kilivyo kwa mwaka mzima. Akatazama saa ya ukutani.

"Dakika ishirini. Korido iko nje. Nileteeni karatasi moja."

Korido ilikuwa nyembamba, ina viti vinne vilivyoungwa kwa chuma ili visiibwe, na mwisho wake mlango wa choo cha wanaume. Walitoka watatu: Bi Mbavu, shemeji yake na Bwana Jumla, aliyekaa na kunyoosha miguu kama yuko sebuleni kwake. Akasema yeye ni mtu mwepesi. Ushuru wa miavuli mizima ushuke mpaka ishirini, naye atasaini kwamba fremu zenye mipini ni vipande, kumi kwa mia. Bi Mbavu akasema fremu kumi, miavuli mizima thelathini na tano vilevile. Bwana Jumla akacheka, akamwambia huko si kupatana, huko ni kuagiza chakula hotelini.

Basi Bi Mbavu akatumia mbinu aliyoitumia sokoni miaka yote akinunua vitambaa. Aligeuka akaondoka zake. Sokoni, hatua ya tatu, muuzaji humwita. Alihesabu hatua ya tatu, ya nne, ya saba. Hakuna aliyeita. Hatua ya kumi na moja ikamfikisha kwenye mlango wa choo cha wanaume, na hapakuwa na pa kwenda zaidi bila kusababisha mambo. Akaukagua ule mlango kwa makini, akagusa rangi yake kama mtu aliyetumwa kuikagua, akarudi. Shemeji alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu. Viatu vyake havikuwa na kamba.

"Umemaliza matembezi?" Bwana Jumla aliuliza. "Jirani, mimi nikilipa hiyo thelathini na tano, kidogo nitakula. Wewe utakula nini?"

Hapo shemeji, akiwa bado ameinama, akanong'ona kitu kwenye pindo la gauni la shemeji yake. Alikuwa wakala, na mawakala huijua yadi ya makontena kama wengine wanavyojua jikoni kwao. Uso wa Bi Mbavu ukabadilika. Ukarudi ule wa siku ya kuvunja meza.

"Kontena langu lina siku tisa pale yadi," alisema. "Lako lina wiki saba. Hujalitoa kwa sababu ukilipa thelathini na tano huna bei ya kuuzia, na kila siku likilala pale unalipia ulalo. Sasa niambie vizuri, jirani, nani anakula na nani analiwa?"

Bwana Jumla akairudisha miguu yake chini ya kiti. Shemeji akapata ghafla kwamba viatu vimeshafungika, akasimama.

Kutoka hapo mambo yakaenda kasi. Ishirini na mbili, akasema Bwana Jumla. Thelathini, akasema Bi Mbavu. Kichwani mwake cherehani ya hesabu ilikuwa inakimbia bila breki: kwa ishirini Bwana Jumla atamfunika kabisa, kwa thelathini yeye atamlaza jirani chali, lakini jirani hatasaini, na kwa ishirini na tano watalingana bei mlangoni, halafu mteja ataamua kwa kubonyeza na kusikiliza. Na kwa kusikiliza, hakuna aliyemshinda. Ishirini na tano, akasema. Ishirini na mbili, akasema Bwana Jumla, na hapo akaganda kama gundi iliyokauka kweli. Walimsukuma, hakusogea. Karani wa kamati alichungulia mlangoni, akasema zimebaki dakika tano, akarudi ndani. Kwa hizo tatu tu, Bi Mbavu alijisemea. Kwa hizo tatu watu wote hawa warudi nyumbani mikono mitupu.

Ndipo Bwana Jumla akasogea karibu, akashusha sauti, akasema kwa aibu ambayo manukato yake hayakuweza kuificha, "Na ule ukuta."

Ukuta aliousema ulikuwa wa mbele ya karakana. Kila mwavuli uliotoka kwa Bwana Jumla na kufia mikononi mwa mteja, Bi Mbavu aliununua kwa senti chache akautundika nje, na kila mmoja akauandikia kadi. *Huyu alinunuliwa Jumatatu, alifariki Jumatano. Huyu alikutana na upepo wa feni. Huyu alifunguliwa mara mbili, ya pili hakurudi.* Walikuwa wamefika arobaini na watatu. Wapita njia walisimama kusoma. Lakini kilichomchoma Bwana Jumla hakikuwa wapita njia. Mama mkwe wake alipita pale kila Jumamosi akija kula kwake, akasimama, akasoma kadi zote moja baada ya nyingine, kisha akaingia, akakaa mezani, akala huku akimtazama mkwewe kwa namna ya mtu anayejiuliza binti yake aliolewa na nani.

"Ukuta ushuke," Bwana Jumla alisema. "Kadi zote. Nakupa ishirini na tano."

Bi Mbavu alishika kifua. Alisema ule ukuta ni roho yake. Alisema ameujenga kwa miaka, maiti kwa maiti. Akafumba macho muda mrefu, mpaka karani akachungulia tena, na shemeji akalazimika kutazama dari ili asiharibu. Ukweli ni kwamba misumari ilikuwa imeshaanza kubomoa plasta, na mwenye nyumba alikuwa amempa mpaka wiki ijayo.

"Haya," alisema kwa sauti ya mjane. "Na marehemu wenyewe nitakurudishia. Uwazike kwa heshima."

Waliandika kwenye kiti, shemeji akishika kalamu. Safari hii Bi Mbavu alimtaka asome mara tatu, na kila mara alitafuta mahali ambapo yeye mwenyewe angeweza kuja kujinasa. Miavuli mizima, ishirini na tano kwa mia. Fremu isiyo na nguo, yenye mpini au isiyo na mpini, kumi kwa mia. Wakasaini wote wawili, wakaingia ndani kwa mwendo wa kukaribia kukimbia, zikiwa zimesalia sekunde ambazo hakuna aliyetaka kuzihesabu.

Bwana Kifungu ndiye aliyepewa karatasi aikague. Alikuwa amekauka nusu. Aliisoma, akarudia, akashika kalamu yake iliyokuwa sambamba na kitabu, na moyo wa Bi Mbavu ukasimama kama kontena. Akasema karatasi ina kasoro. Akachora mstari mmoja mtupu chini, akamsogezea Bi Mbavu, na kumwambia, "Ongeza na kamba, na kifungo cha kufungulia. Hukuvitaja. Ukiviacha nje, mwezi ujao nitakukamata tena, na nitakuwa na haki."

Bi Mbavu alimtazama yule mtu ambaye yeye mwenyewe alimmwagia maji mbele ya watu. Akaviandika vyote viwili kwenye mstari ule, akasaini pembeni. Bwana Jumla naye akasaini. Mwenyekiti akagonga meza, akasema kiwango kipya kinaanza leo kwa mizigo yote isiyolipiwa bado, na wajumbe wakaondoka wakicheka upya, maana sasa waliruhusiwa.

Isiyolipiwa bado. Bi Mbavu na Bwana Jumla walitazamana. Mizigo isiyolipiwa ilikuwa miwili, na ilikuwa saa nane na robo, na dirisha la malipo bandarini hufungwa saa kumi kamili.

Nani alitoka kwanza kwenye lango la kamati, mpaka leo kuna ubishi. Shemeji anasema ni yeye, ila kofia yake ilitoka kabla. Kwenye dirisha la malipo walifika pamoja, wakapanga foleni pamoja, wakakanyagana vidole pamoja, wakapigiwa mihuri kwa kufuatana huku Bwana Jumla akimkumbusha karani kwamba alipaswa kuwa wa kwanza kwa umri, na Bi Mbavu akimwambia karani amhudumie mzee huyu kabla hajazeeka zaidi. Saa tisa na nusu lakiri ya kontena la Bi Mbavu ilikatwa. Milango ikafunguka, na fremu elfu mbili na mia nne zikalala mbele yake kwenye maboksi, mipini yote imeelekea upande mmoja. Alichomoa moja, akaibonyeza, akasikiliza.

"Nane," alisema, "na zote zimenyooka." Kisha akaanza kubeba maboksi mwenyewe, na wapagazi watatu walilazimika kumwomba awaachie kazi.

Alipiga simu karakanani kabla lori halijawashwa. Aliwaambia watie mafuta cherehani, wakunjue kitambaa cha bluu, na asiondoke mtu. Kule upande wa pili kukapigwa vigelegele vya wanawake wanane, vikatoka kwenye simu ndogo ile kwa nguvu hadi dereva akaziba sikio. Bi Mbavu akajibana katikati, kati ya dereva na shemeji, magoti yamefika kidevuni. Tangu wiki iliyopita hakuwa amevuta pumzi hadi chini kama alivyoivuta sasa. Ishirini na tano. Kuanzia kesho Bwana Jumla atashusha bei, na itabidi kila mwavuli utoke karakanani kwake ukiwa unaweza kusimama na upepo ukaubishia. Aligundua kwamba wazo hilo halikumtia hofu. Lilimfanya atake kufika haraka zaidi.

Na haraka ilikuwepo. Mtaa wao ulikuwa mwembamba. Lori moja likiingia, hakuna jingine linalopita mpaka la kwanza lishushe mzigo wote, na kushusha kontena pale ni kazi ya saa nne. Atakayeingia wa pili atalala nje na mzigo wake. Siku moja ya kushona, kwa wanawake wanane, ni miavuli mia mbili. Mwisho wa mwezi ulikuwa siku kumi na mbili mbele, na hakuwa na siku hata moja ya kumgawia mtu.

Walipokata kona ya mwisho kabla ya mtaa, lori la Bwana Jumla lilikuwa mbele yao hatua thelathini, likijivuta kwa ule uzito wa miavuli iliyokwisha kuvaa nguo. Bwana Jumla mwenyewe alikuwa ametoa kichwa dirishani anatazama nyuma, na hata kwa umbali ule manukato yalifika. Lori la Bi Mbavu lilibeba mifupa mitupu. Lilikuwa jepesi kama deni lililolipwa.

"Dereva," alisema Bi Mbavu, ameushika mpini wa fremu kwa mikono miwili, "unamwona huyo mzee?"

"Namwona, mama."

"Mpite."